Nyumba Ndogo ya Msituni na Mwanga wa Kwetu

Yeyote aliyewahi kutafuta ramani ya nyumba ya mapumziko mtandaoni ameiona picha hii. Nyumba ndogo ya mbao, upande mmoja wote kioo, taa za manjano zinawaka ndani, ukungu umelala chini ya misonobari mirefu, na anga limeiva ubuluu wa jioni. Chini ya picha pameandikwa Lushoto, au Limuru, au Mbeya. Nyumba yenyewe imechorwa kwa ajili ya hapa. Kila kinachoizunguka kimetoka Norway.

Picha hizi za 3D hutengenezwa kwa ustadi mkubwa na vijana wa Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Kampala, wengi wakiwa wamejifundisha wenyewe usiku kwa bando la simu. Nawaheshimu. Ila naamini kwa dhati kwamba wanatunyima kitu ambacho wao ndio wenye uwezo wa kutupa: mwanga wa mahali penyewe. Ile hali inayomfanya mtu aitazame picha na kutamani kuvuta hewa yake haiji kwa kuumwaga ukungu juu ya kila kitu. Inakuja kwa kujua jua linapita wapi, mvua inaletwa na upepo gani, na mti uliosimama karibu na mlango ni mti gani.

Tuchukue mfano mmoja tukae nao. Nyumba ya mita 4 kwa 5, chumba kimoja na baraza, kwenye kingo za Msitu wa Asilia wa Amani, Usambara Mashariki, juu ya Muheza. Tunaiweka nje ya mpaka wa hifadhi, upande wa mashamba ya iliki na mdalasini, mahali ambapo miti mikubwa bado imeachwa isimame juu ya mazao. Nyumba hii haipo duniani. Ni zoezi la kompyuta, na kwa sababu ni ndogo kiasi hicho, haina pa kuficha uzembe wa mchoraji.

Kazi inaanza na jua. Amani ipo takriban digrii 5 kusini mwa ikweta, na namba hiyo peke yake inaibadilisha picha nzima. Mwezi Juni, katikati ya mchana, jua la Amani limeegemea kaskazini, digrii kama 61 juu ya upeo. Desemba limehamia kusini, digrii kama 72. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini kabisa, na mtu aliyesimama uwanjani anakikanyaga kivuli chake mwenyewe. Sasa angalia Stockholm. Huko, siku ambayo jua linapanda juu kuliko siku zote za mwaka, halivuki digrii 54 au zaidi kidogo. Yaani jua la Sweden likifika juu kabisa, bado liko chini kuliko jua la adhuhuri ya Amani siku linaposhuka chini kabisa. Kivuli kirefu cha mchana, kile kinachozipa picha za kaskazini upole wake, kwetu saa hiyo hakipo.

Programu za kazi hii zote zinakubali kuambiwa mahali, tarehe na saa, kisha zenyewe zinalipanga jua. Tatizo ni kwamba wengi hawaziambii. SketchUp ilizaliwa Boulder, Colorado, na faili ambalo halijapewa mahali pake hulipanga jua kana kwamba nyumba ipo Boulder, digrii 40 kaskazini mwa ikweta. Mchoraji anaweka baraza, anaona kivuli kizuri, anamkabidhi mteja. Mteja anajenga. Juni inafika, jua la adhuhuri linakuja kutoka kaskazini, upande ambao kompyuta iliapa kwamba haliji kamwe.

Akirekebisha mstari huo mmoja wa mipangilio, nyumba yetu inaanza kujieleza. Baraza likielekea kaskazini litapata jua la kipupwe, wakati baridi ya milimani inapowafanya watu walitafute, na Desemba litakaa kivulini huku jua likipita nyuma ya paa. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zenye kazi ngumu mwaka mzima, kwa kuwa asubuhi na jioni jua linaingia kwa ulalo ambao upenu hauuzuii. Hapo picha inakuwa imemsaidia msanifu kabla haijamfurahisha mteja.

Jioni nayo ina sheria zake. Karibu na ikweta jua linazama likishuka karibu wima, kwa hiyo baada ya kuzama unabaki na dakika kama 22 tu za mwanga unaotosha kusomea njia. Stockholm mwezi Juni usiku wenyewe hauingii giza kamili. Ule ubuluu mzito wa anga ambao kila mtu anaupenda nyuma ya taa za ndani, kule ni hali ya muda mrefu. Hapa ni dakika chache kati ya magharibi na giza, huku bonde likiwa limeshatangulia kuwa jeusi kwa sababu vilima vimeliziba jua mapema. Mchoraji wa Amani anayetaka saa hiyo aichore jinsi ilivyo: juu bado pana mwanga, chini tayari ni usiku, na mashina ya miti yanapotea kuanzia miguuni. Naiona nzuri kuliko ubuluu wa kukopa, kwa sababu ina haraka ndani yake. Mtu anayeijua milima hiyo ataiangalia na kukumbuka kwamba saa hizo watu wanaharakisha kufika nyumbani.

Kuhusu taa za ndani, mara nyingi zinazidi. Picha nyingi zinaijaza nyumba ya msituni mwanga kutoka kila pembe, darini, chini ya kitanda, nyuma ya kioo. Nyumba yetu ina sola ndogo juu ya paa. Inatosha balbu mbili za LED za wati 9, za rangi ya moto, zile ambazo kwenye boksi huandikwa 2700K, na chemli moja barazani. Weka hizo tu, kisha uiache kamera iongeze muda wa kupokea mwanga jinsi mpigapicha angefanya. Pembe za chumba zitakuwa na giza. Ziache. Chumba kidogo chenye pembe za giza kinaonekana kinakaliwa na watu.

Sasa tuingie chini ya miti, ambako kazi ni ngumu hasa. Katika msitu wa mvua wa kitropiki uliofunga juu, mwanga unaofika chini ni kama asilimia 1 au 2 ya ule unaoangukia vilele. Jicho la binadamu linazoea tofauti hiyo bila sisi kujua. Kamera haizoei, na kompyuta inafuata kamera. Ukiipangia sakafu ya msitu mwanga wa kutosha, kila tundu la anga kati ya majani linaungua kuwa jeupe tupu. Ukiliokoa anga, chini panakuwa lami. Wengi hutatua kwa kuongeza taa za siri ambazo msituni hazipo, na hapo ndipo msitu unapogeuka kuwa jukwaa la maonyesho. Mimi ningechagua upande mmoja na kuuvumilia. Mara nyingi ningeliacha anga liungue, kwa kuwa hivyo ndivyo mtu aliyekaa barazani akitazama chini anavyoliona kwa pembe ya jicho.

Kisha kuna vile viduara vya mwanga vinavyocheza ardhini. Chini ya mti mrefu huwa vya mviringo, na si kwa sababu matundu kati ya majani ni ya mviringo. Kila tundu dogo linachora ardhini sura ya jua lenyewe. Jua, likitazamwa kutoka hapa duniani, lina upana wa nusu digrii hivi, na upana huo ndio unaolainisha kingo za vivuli. Ukichukua jani lililo mita 20 juu, ukingo wa kivuli chake ukifika chini umeshatawanyika sentimita kama 18. Kwenye miti ya Amani inayofika mita 40, utawanyiko unafika karibu mara mbili ya hapo. Programu inaruhusu kuupanga upana wa jua, na wapo wanaoushusha hadi sifuri ili vivuli vikate vizuri. Matokeo yake ni ardhi iliyojaa majani meusi yenye makali ya wembe, kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona chini ya mti wa mita 40. Mtazamaji hawezi kukueleza kosa liko wapi, lakini analihisi, anakuambia picha "imekaa kikompyuta".

Jani lenyewe linahitaji heshima. Halipokei mwanga upande wa juu tu, linaupitisha. Ukilitazama kutoka chini huku jua likiwa juu yake, jani linageuka kijani cha manjano, na mishipa yake inaonekana. Msitu unaotazamwa kutoka barazani, macho yakiinuliwa, ni majani ya namna hii kwa maelfu. Ukisahau kuyapa uwezo huo, unapata dari la plastiki. Majani ya misitu ya mvua mara nyingi yana ncha ndefu inayochuruza maji, na machipukizi ya miti mingi hutoka mekundu kabla ya kuwa kijani. Wekundu huo ukiuonyesha kidogo tu, mahali pawili au patatu, kijani chote kinaamka.

Na ukungu? Usambara Mashariki ipo kilomita 40 hivi tu kutoka Bahari ya Hindi. Upepo wa baharini, hasa kusi, ukiikuta milima hulazimika kupanda. Ukipanda unapoa, na unyevu wake unakuwa wingu. Wingu hilo ndilo tunaloliita ukungu tukiwa ndani yake. Kwa hiyo halina tabia ya kulala chini kama shuka jeupe, namna linavyochorwa kwenye picha za mabonde ya Ulaya. Linaingia kati ya mashina likitembea, zito hapa, jepesi pale, linaificha nusu ya mti na kuiacha nusu nyingine. Kwenye programu, ukungu huwekwa kama sanduku kubwa la hewa linalofunika mandhari yote, na uzito wake unaweza kubadilishwa kutoka sehemu hadi sehemu. Anayeacha uzito mmoja kila mahali anapata moshi. Anayeuvunja uzito huo, akaupa mwelekeo wa upepo kutoka baharini, anapata Amani.

Matone ya ukungu ni makubwa mara nyingi kuliko mawimbi ya mwanga, ndiyo maana yanazitawanya rangi zote sawasawa na ukungu unakuwa mweupe. Tena yanausukuma mwanga zaidi kuelekea mbele kuliko kuurudisha ulikotoka. Hesabu ambayo programu nyingi zinaitumia kwa jambo hili iliandikwa mwaka 1941 na Louis Henyey na Jesse Greenstein, wanaastronomia waliokuwa wakichunguza vumbi lililo kati ya nyota. Inanifurahisha kwamba hesabu ya vumbi la angani ndiyo inayochora asubuhi ya Muheza. Kwa mchoraji, faida yake ni hii: kamera ikielekea upande wa jua, ukungu unawaka na mashina yanakuwa meusi mbele yake; kamera ikilipa jua mgongo, ukungu unafifia kuwa kijivu na nyumba inaonekana bapa. Kwa nyumba yetu, saa nzuri ni asubuhi jua likishavuka kilima na ukungu ukianza kuachia. Miale inaonekana wakati huo kwa sababu hewa bado ina matone ya kuipokea, lakini si mengi kiasi cha kuizima.

Wanaoweka ukungu husahau kuweka maji. Amani hupata mvua ya milimita kama 1,900 kwa mwaka. Mahali hapo mbao hazikauki kama za duka la fenicha. Ubao uliolowa ni mweusi zaidi na unang'aa. Sehemu ya chini ya ukuta ina mstari wa matope yaliyorushwa na matone ya paa. Upande usiopata jua una kijani laini kilichoshika. Paa ni la mabati, na lichorwe la mabati. Sioni sababu ya kulionea haya. Mabati yaliyolowa yanalipokea anga jeupe na kulirudisha, na kwenye picha yenye kijani kingi namna hii, mstari huo wa mwanga juu ya nyumba ndio unaolipa jicho pa kutua.

Nimeiacha miti hadi sasa kwa sababu ndiyo inayoniuma. Maktaba za miti ya 3D zinazouzwa na zinazotolewa bure zimejaa misonobari, mialoni na mibetula ya Ulaya na Marekani, iliyochanganuliwa jani kwa jani. Mtu anayetaka kuchora kingo za Amani anahitaji mvule. Anahitaji mnyasa, wenye mizizi mipana inayoinuka shinani kabla ya shina lenyewe kuanza. Anahitaji mshai wenye kilele kilichotandazwa, na msambu unaoning'iniza matunda makubwa ambayo mbegu zake hukamuliwa mafuta. Akitaka kuwa mkweli kabisa atauweka na musizi, ambao si wa huko. Uliletwa, ukapandwa, ukaenea msituni. Chini yake iliki. Kwenye mwamba wa kijito, pasipofikiwa na jua, aweke ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa Tanga, alilichukua mwaka 1892 na ambalo leo linakaa madirishani kote Ulaya ndani ya vyungu. Ua hilo lilitoka milima hii. Ajabu ni kwamba kulipata kwenye chungu cha 3D ni rahisi kuliko kulipata kwenye mwamba wake.

Kwa kukosa miti hiyo, mchoraji anaweka alichonacho, na picha moja baada ya nyingine tunazoeshwa kuamini kwamba msitu mzuri ni msitu wa kwingine. Mteja anaipenda picha, kisha anauliza kwa nini kiwanja chake hakifanani nayo. Nini kinafuata? Mti wa asili unakatwa ili apande misonobari. Hapo makosa ya picha yameshatoka kwenye kioo cha kompyuta na kushika shoka.

Wasanifu wa zamani walilijua jambo hili. Marion Mahony, aliyehitimu usanifu MIT mwaka 1894, ndiye aliyechora sehemu kubwa ya michoro iliyompa msanifu Frank Lloyd Wright jina lake barani Ulaya kupitia jalada lililochapishwa Berlin mwaka 1910. Katika michoro yake mimea haikuwa pambo la pembeni. Ilipanda mbele ya nyumba, ikakata kuta, ikashika karatasi hadi ukingoni, na nyumba ikasomeka kupitia kwayo. Nyumba ya mita 4 kwa 5 chini ya miti ya mita 40 inastahili kuchorwa hivyo: ndogo, nusu imefichwa, labda sehemu moja ya kumi ya picha nzima. Kamera iwekwe mita 1.6 kutoka ardhini, kimo cha macho ya mtu aliyesimama, na lenzi isiwe pana mno. Lenzi pana inakifanya chumba cha mita 4 kionekane ukumbi wa harusi, na mgeni atakayelipia usiku wake atakuja kuujua ukubwa wake kwa goti. Msanifu Le Corbusier alijijengea kibanda cha mapumziko huko Roquebrune-Cap-Martin, Ufaransa, mwaka 1952, mita 3.66 kwa 3.66. Udogo ndio ulikuwa thamani yake. Weka kigoda na sufuria barazani, na mlango wa mita 2.1, kimo kitajieleza.

Upande wa mashine nitaupita haraka. Mwaka 1986 James Kajiya aliandika mlingano mmoja unaoeleza mwanga unavyoruka kutoka kitu hadi kitu, na programu za leo bado zinaukokotoa kwa kurusha miale kwa kubahatisha, mamilioni kwa mamilioni. Miale ikiwa michache picha inajaa chembechembe. Kuzipunguza chembe hizo kwa nusu kunataka miale mara nne, na chini ya miti, ukiongeza ukungu, inakuwa kazi ya usiku kucha, umeme ukiwepo. Zipo zana za kufuta chembe kwa sekunde chache. Ni msaada mkubwa, ila zinayala majani madogo na kuyageuza rangi ya maji. Nashauri kuzitumia kwa uchache, na kuacha chembe kidogo zibaki kwenye giza. Mti mmoja ukirudiwa mara mia kompyuta inauhifadhi mara moja tu, kwa hiyo kumbukumbu si kisingizio cha msitu mwembamba. Zungusha kila nakala, badili kimo, ichanganye na mche mdogo na gogo lililoanguka.

Jambo moja ningelifanya sharti. Kabla ya picha yoyote, miti yote ya kiwanja ipimwe na iwekwe kwenye modeli mahali pake halisi, kila mmoja na unene wake. Mizizi hutanda mbali, mara nyingi kupita kivuli cha matawi. Nyumba ikisogezwa mita mbili kwenye kompyuta, mnyasa unapona. Mteja aione picha hiyo, yenye shina lililosimama mbele kabisa ya dirisha lake, aamue akijua.

Na maktaba tunaweza kuijenga wenyewe. Programu ya 3D ya Blender haina bei. Mwaka 2002 watu walichanga euro 100,000 ndani ya wiki 7 ili programu hiyo ya Ton Roosendaal iwe huru kwa kila mtu. Maktaba ya Poly Haven, ambayo mwanzilishi wake Greg Zaal ni Mwafrika Kusini, inagawa bure picha za anga, maumbo na nyuso za vitu, bila masharti ya matumizi. Shina la mvule linaweza kuchanganuliwa kwa simu: siku ya mawingu ili vivuli visigandie kwenye gome, picha nyingi zinazopishana kidogo huku ukilizunguka, karibu na mbali, kisha programu ya bure kama Meshroom inazigeuza umbo. Majani yapigwe juu ya karatasi nyeupe, upande wa juu na wa chini, na tena yakiwa yameinuliwa kwenye mwanga. Wanafunzi wa misitu pale Morogoro wanaijua miti. Wanafunzi wa usanifu wa Dar es Salaam na Nairobi wanazijua programu. Wakianza na miti kumi tu, mvule, mnyasa, msambu, mshai na mingine sita watakayokubaliana, kijana anayechora nyumba ya msituni Kigoma, Kakamega au Bukavu atakuwa na msitu wa kuanzia.